Tathmini ya huduma ya kuchagua eneo la kisima kando ya mto: kutoka matembezi ya kwanza hadi mwezi wa nne wa matumizi

Kamati yetu ya maji iliajiri kampuni ya wapimaji ituchagulie mahali pa kuchimba kisima karibu na mto, nami nikapewa jukumu la kufuatana nao kila siku waliyokuwa kazini, kuanzia walipokanyaga ukingo kwa mara ya kwanza hadi pampu ilipowashwa. Kisima hicho sasa kina miezi minne tangu kianze kutoa maji. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wanakamati, wenye mashamba na wasimamizi wa miradi wanaofikiria kununua huduma ya namna hii, kwa sababu nilipokuwa nikiitafuta niliona matangazo mengi yanayoahidi kupata maji, na sikumwona hata mmoja aliyeeleza kwamba kando ya mto kupata maji si kazi. Kazi ni kujua maji hayo yanatoka wapi, yanapita katika nini, yanakaa njiani siku ngapi, na yatageuka vipi baada ya kuvutwa kwa miezi kadhaa. Hicho ndicho kipimo nilichowapimia. Jina la kampuni nimeliacha kwa makusudi; ninachotaka msomaji akipate ni namna ya kuikagua kazi yenyewe, yeyote atakayeifanya.

Kabla ya hapo tulikuwa tukivuta maji moja kwa moja kutoka mtoni. Mvua zikianza, mto hubeba tope, chujio la mchanga huziba ndani ya siku chache, na watu hurudi kuchota kwa ndoo. Kisima cha kando ya mto huondoa tatizo hilo kwa kuufanya ukingo wenyewe uwe chujio: pampu inapovuta, usawa wa maji ya ardhini kisimani hushuka chini ya usawa wa mto, na maji ya mto huanza kupenya sakafuni na kusafiri polepole ndani ya mchanga hadi kisimani. Tope hunaswa, vimelea hufa au hushikwa na chembe za mchanga, na sehemu kubwa ya uchafu unaooza huliwa na bakteria walioota katika tabaka la kwanza la sakafu ya mto. Utaratibu huu si wa jana. Kampuni ya maji ya Glasgow iliutumia kando ya mto Clyde mwaka 1810, na mji wa Düsseldorf umekuwa ukinywa maji ya visima vya ukingo wa mto Rhine tangu 1870. Budapest nao hutegemea visima vilivyo kwenye kingo na visiwa vya mto Danube. Kwa hiyo wapimaji hawakutuuzia jambo la kubahatisha, nao walilieleza vizuri katika kikao cha kwanza, kwa Kiswahili kilichoeleweka na kila mjumbe, wakichora kwa kijiti kwenye udongo badala ya kutuonyesha picha za kompyuta.

Sehemu ya huduma iliyonivutia kuliko zote ilikuwa matembezi ya siku mbili za mwanzo. Mpimaji mkuu alitembea karibu kilomita mbili za ukingo, upande huu na upande wa pili, kabla hajafungua sanduku lolote la vyombo. Alisimama penye kila ukuta wa udongo uliomegwa na maji, akausoma kuanzia juu hadi chini: hapa kuna udongo wa mafuriko, hapa mfinyanzi, hapa mchanga, hapa changarawe. Aliwauliza wachimba mchanga na wavuvi mahali ambapo nyavu hukwama na mahali ambapo mguu huzama. Aliwauliza wazee mto ulipita wapi walipokuwa watoto, na jibu lao lilimpeleka kwenye bonde jembamba lenye matete, mita mia moja na ushei kutoka ukingoni, ambako hakuna hata mmoja wetu kamatini aliyewahi kupafikiria. Mkondo wa zamani uliofukiwa ni hazina, kwa kuwa mara nyingi chini yake hubaki mchanga mnene na changarawe zilizoachwa na maji yenye nguvu, na tabaka hilo huweza kuungana na mto wa sasa chini ya ardhi.

Alitueleza pia habari ya kona za mto, jambo ambalo ningependa kila mtu anayetafuta eneo la kisima alijue. Upande wa ndani wa kona maji hupunguza kasi na kulaza mchanga, kwa hiyo ndiko kwenye mashapo mazito, yaani mchanga na changarawe zilizolazwa na mto, yanayopitisha maji. Upande wa nje mkondo una kasi, hukwangua sakafu na kuiacha safi, jambo ambalo ni zuri kwa kupenya kwa maji, lakini mkondo huohuo hula ukingo, na kisima kinaweza kujikuta kimesimama mtoni baada ya mafuriko kadhaa. Hakutoa kanuni ya jumla kwamba upande mmoja ndio bora daima. Alisema kila kona iulizwe maswali mawili: mashapo yana unene gani, na ukingo unahama kwa kasi gani? Niliipenda tahadhari hiyo.

Kisha akalikataa eneo tulilokuwa tumelichagua sisi. Tulitaka kisima kiwe jirani na nyumba ya pampu iliyopo, kwa sababu umeme na bomba kuu tayari viko pale. Aliingia mtoni hadi magotini, akasukuma nondo kwenye sakafu, nayo ikazama kwa ulaini kama inayoingia katika unga uliokandwa. Akachota tope kwa mkono na kutukabidhi tulinuse. Lilikuwa jeusi, na lilinuka kama yai bovu. Akatueleza kwamba ukuta wa zamani wa kuinulia maji uliofanya dimbwi pale ndio uliolaza tope hilo, kwamba sakafu iliyozibwa hivyo haipitishi maji ya kutosha, na kwamba hata yale machache yanayopita hutoka upande wa pili yakiwa yamepokonywa oksijeni. Mfinyanzi wa ukingoni nao ulikuwa na unene wa mita nne. Wajumbe wawili walikasirika, maana bomba jipya lingeongeza gharama, lakini hakuna aliyeweza kubishana na harufu ile. Naomba msomaji alikumbuke tope hilo jeusi, kwa sababu tutarudi kwake.

Siku ya tatu walileta mashine ya kupima ukinzani wa umeme wa ardhi, na hapa ndipo sifa zangu zinapoanza kupungua. Mashine hiyo hupeleka umeme ardhini kupitia elektrodi mbili za nje na kusoma tofauti ya volteji kati ya elektrodi mbili za ndani; kadiri nyaya zinavyotandazwa mbali, ndivyo kipimo kinavyogusa tabaka za chini zaidi. Udongo mfinyanzi hupitisha umeme kwa urahisi, kwa hiyo ukinzani wake huwa mdogo, mara nyingi chini ya ohmu-mita 30 (ohmu-mita ndicho kizio cha ukinzani wa ardhi). Mchanga na changarawe zilizojaa maji yasiyo na chumvi huwa na makumi kadhaa hadi mamia, na mchanga mkavu huweza kufika maelfu. Tatizo ni kwamba mchanga wenye maji ya chumvi nao hushuka hadi kwenye namba zilezile za mfinyanzi, na tabaka jembamba lenye ukinzani mkubwa huweza kuonekana sawasawa na tabaka nene lenye ukinzani wa wastani. Mashine haidanganyi, ila hujibu swali la umeme, na anayetaka jibu la maji lazima atoboe.

Walipima sehemu tisa kwa siku mbili, kwa bidii na kwa mpangilio. Nyaya zilitandazwa sambamba na mto, jambo ambalo ni sahihi, kwa kuwa ukizitandaza kuuelekea mto umeme utapita katika ardhi inayobadilika njia nzima. Lakini rasimu ya ripoti ilipofika, kipimo cha tatu kilikuwa kimeandikiwa kwamba kati ya mita 6 na mita 14 kuna "tabaka lenye maji mengi", na ukinzani uliotajwa hapo ulikuwa ohmu-mita 18. Niliwauliza kwa nini namba ndogo namna hiyo isiwe mfinyanzi. Kijana aliyeandaa rasimu alijibu kwamba ukinzani mdogo ni dalili ya unyevu. Ni kweli kwamba unyevu hupunguza ukinzani, lakini mfinyanzi nao umejaa maji ambayo hauyaachii, na kisima ndani yake hukaa siku nzima kikijaza ndoo chache. Katika mkataba, mashimo ya majaribio yalikuwa yameandikwa kuwa yatafanyika "ikihitajika". Ilibidi kamati ikae kikao cha dharura ili ikubaliwe kwamba yanahitajika.

Shimo la kwanza la majaribio lilitobolewa palepale penye kipimo cha tatu, kwa auga ya mkono, ile keke kubwa ya kutobolea udongo inayozungushwa na watu wawili. Hadi mita 5 kilitoka kichanga laini chenye vumbi. Kuanzia mita 6 auga ilianza kupanda ikiwa imeshika donge la kijivu linalong'aa, na mpimaji mkuu mwenyewe alilichukua, akalivingirisha kati ya viganja, likawa uzi mwembamba usiokatika. Walipofika mita 8 lilikuwa bado vilevile, wakaacha. Hakusema neno la kujitetea. Alifuta jina la eneo hilo kwenye ramani mbele yetu. Namheshimu kwa hilo. Lakini ukweli unabaki kwamba bila mashimo yale, rasimu ingetumwa kwa mchimbaji, na mtambo mkubwa ungekuja kutoboa mfinyanzi kwa fedha ambazo watu walichangishana kwa mwaka mzima. Nasema kwa uchungu, kwa sababu najua vikundi vilivyoishia hivyo.

Mashimo manne yaliyofuata yalikwenda kwenye mkondo wa zamani na upande wa ndani wa kona iliyo juu ya mto, na hayo yaliteremshiwa bomba la kuzuia kuta zisiporomoke, maana mchanga uliojaa maji hauna subira. Shimo la nne ndilo lililotupa eneo letu: mita 2 za udongo wa juu, kisha mchanga unaozidi kuwa mnene kadiri unavyoshuka, changarawe katika mita tatu za mwisho, na mwamba uliooza kwenye mita 13. Sampuli ya kila mita iliwekwa kwenye mfuko wake na kuandikwa kina, zikapangwa chini kwa mstari, na mjumbe yeyote aliweza kuinama na kuona kwa macho yake mwenyewe kile ambacho ripoti ingekisema kwa michoro. Kama kuna jambo moja la kudai kutoka kwa mpimaji, ni mstari huo wa mifuko.

Mchanga ulichekechwa ili kujua ukubwa wa chembe ndogo, kwani ndizo zinazotawala upitaji wa maji. Kwa kanuni ya Allen Hazen ya mwaka 1892, ambayo bado inatumika kwa makadirio ya haraka, unachukua ukubwa wa chembe ambao asilimia 10 tu ya uzito wa mchanga ni ndogo kuuliko. Kwetu ulikuwa milimita 0.2, na hesabu ikatoa uwezo wa kupitisha maji wa karibu mita 35 kwa siku. Wapimaji wakatumia 40 ili wawe upande wa usalama, kwa kuwa mchanga unaopitisha haraka ndio unaoyapa maji muda mfupi wa kusafika.

Hesabu iliyofuata ndiyo iliyoamua umbali wa kisima kutoka mtoni, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo kiini cha huduma nzima. Kigingi cha kwanza walikipigilia mita 25 tu kutoka ukingoni, na wengi wetu tulifurahi: bomba fupi, maji mengi. Siku mbili baadaye mpimaji mkuu alikuja na karatasi, akatuonyesha. Kasi ya maji ndani ya mchanga hupatikana kwa kuzidisha uwezo wa mchanga kupitisha maji kwa mteremko wa usawa wa maji, kisha kugawa kwa sehemu ya mchanga iliyo wazi kati ya chembe. Msingi wake ni kanuni ambayo Henry Darcy aliitangaza mwaka 1856 baada ya majaribio yake ya kupitisha maji kwenye mchanga mjini Dijon. Mteremko wa wastani aliokadiria wakati wa kupampu ulikuwa mita 1 kwa kila mita 100, na nafasi iliyo wazi robo ya ujazo. Arobaini mara 0.01, gawanya kwa 0.25, unapata mita 1.6 kwa siku. Kwa mita 25 maji yangefika kisimani ndani ya siku 16 hivi. Kwa mita 80 yangechukua siku 50.

Siku 50 si namba ya kubuni. Nchini Ujerumani ndiyo inayotumika kuweka mpaka wa eneo la ulinzi kuzunguka kisima cha maji ya kunywa, kwa hoja kwamba vimelea vingi vya magonjwa hupoteza uhai vikikaa ardhini kwa muda huo. Kigingi kikahamishwa hadi mita 85. Mpimaji alikiri, bila kuulizwa, kwamba hesabu yake ni ya wastani: karibu na kisima mteremko huwa mkali na maji hukimbia zaidi, na ndani ya mashapo kuna mishipa ya changarawe ambamo maji hupita upesi kuliko kwenye mchanga ulioizunguka. Alikiri pia kwamba kusogea mbali kuna gharama yake upande wa pili, kwa sababu kadiri kisima kinavyokuwa mbali na mto ndivyo kinavyokunywa zaidi maji ya nchi kavu, yanayoweza kuja na naitreti ya mbolea na uchafu wa vyoo. Alihesabu vyoo vyote vilivyo ndani ya mita 300 na kuviweka kwenye ramani. Huo ni uaminifu wa kitaalamu, nami nimekutana nao mara chache.

Kuhusu mafuriko walifanya kazi safi. Waliwauliza watu watatu tofauti, wakakuta alama ya maji ya juu kabisa kwenye shina la mti mkubwa, wakaipima kwa darubini ya kupimia usawa, na kuelekeza kwamba mdomo wa kisima uinuliwe juu ya alama hiyo, na nafasi kati ya bomba na ukuta wa shimo ijazwe saruji katika mita za juu ili maji ya mafuriko yasiteremke kando ya bomba na kuruka chujio lote la asili. Waliandika pia orodha ya hatari zilizo juu ya mto: mashamba yanayopuliziwa dawa, gereji, kituo cha mafuta. Sababu waliyoitoa ni ile ya moto wa ghala la kemikali karibu na Basel, tarehe 1 Novemba 1986, ambapo maji ya kuzimia moto yalibeba sumu hadi mto Rhine na mitambo mingi ya maji iliyo chini ya mto ikalazimika kusimamisha uchotaji kwa muda. Ukingo husafisha mengi, lakini kuna kemikali zinazopita mchangani kama maji yenyewe.

Jaribio la pampu lilidumu saa 72 mfululizo, usiku na mchana, na vijana wao hawakulala zamu zao. Hilo nalishuhudia, kwa kuwa nami nilikuwa hapo na tochi. Kulikuwa na mabomba matatu membamba ya uangalizi: moja mita 10 kutoka ukingoni, moja katikati, na moja nyuma ya kisima upande wa nchi kavu. Kabla ya kuwasha, maji katika mabomba yote matatu yalikuwa juu kidogo kuliko mto, ikimaanisha kwamba kwa hali ya asili ardhi ndiyo iliyokuwa ikiulisha mto. Baada ya kuwasha, kisima kilishuka mita 2.1 katika saa za mwanzo, kisha kwenye saa ya tisa kikatulia na hakikushuka tena. Bomba la ukingoni likawa chini ya mto. Mteremko ulikuwa umegeuka, na mto ukaanza kulisha kisima. Kuona namba ile ikikaa palepale kwa usiku mzima, saa baada ya saa, kulinipa furaha ambayo sijui kuieleza.

Sasa nije kwenye kosa kubwa zaidi. Sampuli ya maabara ilichukuliwa mwisho wa saa ya 72, na ripoti ikaandika kwamba hayo ndiyo maji tutakayokunywa. Haikuwa hivyo, na hesabu yao wenyewe ilikuwa imekwisha sema. Kushuka kwa usawa wa maji hufika mtoni ndani ya saa chache, lakini maji yenyewe yanatembea mita moja na nusu kwa siku. Kwa hiyo siku ya tatu pampu ilikuwa bado inatoa maji ya zamani ya ardhini, na tone la mto lilikuwa halijafika hata nusu ya njia. Kipimo cha upitishaji umeme wa maji, ambao hupanda kadiri chumvi zilizoyeyuka zinavyozidi, kilithibitisha. Maji ya kisima yalikuwa mikrosimensi 620 kwa sentimita siku ya kwanza na 620 siku ya tatu, ilhali mto ulikuwa 180. Niliwaandikia nikiomba sampuli nyingine baada ya miezi mitatu, nikajibiwa kwamba haimo kwenye mkataba.

Tulinunua kipimo kidogo cha mkono na kuendelea wenyewe, kila Jumatatu asubuhi. Kwa wiki sita namba haikutikisika. Katika wiki ya nane ilianza kushuka, na kufikia mwezi wa tatu ikatulia karibu 400, huku mto ukibaki kwenye wastani wa 180. Tofauti kati ya 620 na 400 ni 220, na tofauti kati ya 620 na 180 ni 440. Maana yake nusu ya maji yetu sasa yanatoka mtoni na nusu nchi kavu. Hii ni habari njema kabisa, kwa sababu inaonyesha kwamba makadirio ya siku 50 hayakuwa mbali na ukweli. Sampuli tuliyoipeleka maabara mwezi huo haikuonyesha E. koli, bakteria wanaoashiria kinyesi, hata mmoja katika mililita 100, ilhali sampuli ya mto ya siku hiyohiyo ilikuwa imejaa.

Lakini pamoja na maji ya mto kilikuja chuma. Kina mama ndio walioanza kulalamika kwamba nguo nyeupe zinatoka na rangi ya kutu. Sampuli ya saa 72 ilikuwa na miligramu 0.1 za chuma kwa lita. Ya mwezi wa tatu ilikuwa na 0.9, na Shirika la Afya Duniani linataja kwamba juu ya 0.3 nguo na vyombo huanza kuchafuka. Maelezo yake yanaturudisha kwenye lile tope jeusi. Bakteria wanaokula uchafu kwenye sakafu ya mto hutumia oksijeni kwanza, ikiisha hutumia naitreti, kisha manganizi iliyo kwenye mchanga, kisha chuma, na katika hatua hizo mbili za mwisho madini hayo huyeyuka na kusafiri na maji. Wapimaji walikuwa wameiona dalili hiyo kwenye dimbwi la nyumba ya pampu, wakalikataa eneo lile kwa sababu hiyohiyo, lakini mbele ya eneo walilolichagua walipima sakafu sehemu mbili tu. Mita 40 juu ya hapo kuna kidimbwi kingine chenye tope la aina ileile. Nondo yao ingelikuta kwa dakika tano.

Tulipowapelekea matokeo, walikuja. Mpimaji mkuu alipita mtoni na nondo yake, akakiona kidimbwi, akakubali kwamba hapo walipitiwa. Alituchorea mnara mdogo wa sinia zenye matundu ambamo maji huanguka na kukutana na hewa, chuma kikageuka kutu na kunaswa kwenye mchanga chini yake, na kazi hiyo hakuitoza ada. Mnara unafanya kazi. Nguo zimerudi kuwa nyeupe.

Mambo mawili mengine yalinikera kwa kiasi kidogo. Kwenye jedwali la ripoti tarakimu mbili za koordineti zilibadilishana nafasi, na kama mchimbaji angezifuata bila kutuuliza angeuweka mtambo ng'ambo ya mto, kwa kuwa kigingi chenyewe kilikuwa kimekwisha ng'olewa na mifugo. Ripoti nayo, tofauti na maelezo yao ya mdomo, iliandikwa kwa lugha ambayo mjumbe wa kawaida hawezi kuifuata.

La uzito zaidi ni upimaji wa mto wenyewe. Wingi wa maji ya mto waliupima mara moja, kwa kuacha kijiti kielee na kukadiria upana na kina, wiki mbili tu baada ya mvua kwisha. Kisima cha kando ya mto huchukua maji ya mto hata kama hakuna bomba linalougusa, na wanaoumia ni walio chini ya mto wakati wa kiangazi, mkondo unapokuwa mwembamba. Kiasi tulichoruhusiwa kuvuta kimehesabiwa kwa mto ulioshiba. Kwangu hilo ni pengo ambalo mpimaji makini hapaswi kuliacha, hata kama mteja hajauliza, kwa sababu wale wa chini hawakuwa kwenye kikao.

Ada yao ilikuwa sehemu ndogo ya gharama ya kuchimba kisima, na kwa matembezi, mashimo ya majaribio, hesabu ya umbali na kazi ya mafuriko nawapa alama za juu bila kusita. Kwa tafsiri ya vipimo vya umeme na kwa sampuli ya saa 72 nawapa alama za chini. Kamati imeamua kuwapa kisima cha pili, kwenye kona inayofuata, ila mkataba wa safari hii unataja mashimo ya majaribio kuwa ni lazima, unataka sakafu ya mto ichunguzwe kwa nondo kila baada ya mita 20 mbele ya eneo na juu yake, unataka wingi wa maji ya mto upimwe mwishoni mwa kiangazi, na unazuia robo ya malipo hadi sampuli ya siku ya 90 itakapotoka maabara. Wameutia saini wiki iliyopita, na mpimaji mkuu ameomba sisi tuendelee kusoma kile kipimo cha mkono kila Jumatatu na kumpelekea namba.